Koti la Damiano

Mabwerebwere, Kilosa
12 Mei 1974

Mpwa wangu Ida,

Marahaba. Shikamoo yako uliyomkabidhi Oswald, mtoto wa jirani yetu, imenifikia, ingawa shikamoo inayosafiri mdomoni mwa mtu mwingine hufika imepoa. Siku nyingine iandike.

Sisi tu wazima. Goti langu linanisumbua asubuhi, mchana linatulia. Mkaza mjomba wako Costancia anakusalimu, na anauliza kama huko Dar es Salaam bado mnapanga foleni ya unga. Mvua ya mwaka huu ilitudanganya; mahindi ya bondeni yamekauka yakiwa na kimo cha mtoto wa darasa la kwanza.

Sasa nisikilize. Katibu Kata alikuja wiki iliyopita, akakaa, akanywa maji, akaeleza kwa adabu kwamba watu wote wa kilimani watahamia kijiji kipya, upande wa Rudewa. Mwisho ni Agosti. Baada ya hapo nyumba zitakazobaki zitaezuliwa, mwenyewe awe amekubali au hakukubali. Majirani wa mama yako wamekwisha kuanza kuteremsha miti ya nyumba zao. Mama yako hajafunga hata kapu. Nilipomwuliza sababu, alinijibu hivi tu: "Damiano akirudi, atanikuta wapi?"

Mambo ya baba yako unayajua, lakini nayaandika yalivyo ili yasipindwe. Mwaka 1968 alikwenda Mikumi kufanya kazi ya barabara. Jioni moja alitoka kambini kwa miguu, akaingia mbugani, hakurudi. Mnyapara alituletea koti lake, lililokutwa limetundikwa kwenye kigingi cha wapima barabara. Wengine walisema simba. Wengine walisema alipanda lori la Zambia. Mimi sikusema kitu, kwa sababu sikuona kitu. Kwa kuwa mimi ni kaka mkubwa wa mama yako, uamuzi ulikuwa wangu, nami niliamua kwamba hapatakuwa na matanga mpaka ijulikane. Kumlilia mtu aliye hai ni uchuro. Uamuzi huo haujabadilika.

Jambo la pili. Koti hilo halipo msumarini. Mama yako alikuwa akilianika kila Jumamosi, akilipangusa, akilirudisha. Tangu ulipokuja likizo ya Pasaka, msumari ni mtupu, naye kila Jumamosi bado husimama mbele yake na kuupapasa. Nakuuliza swali, nami nataka jibu la swali: koti liko wapi?

Tena Oswald anasema alikuona katika ghala moja huko Gerezani, mahali ambapo watu wazima huketi sakafuni kumtazama mtu asiyesema neno. Nimemwambia amekosea. Nithibitishie kwamba amekosea.

Mjomba wako,
Makarius


Temeke, Dar es Salaam
3 Juni 1974

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Hii nimeiandika kwa mkono wangu, ikufikie ikiwa moto. Mkaza mjomba naye shikamoo. Mwambie foleni ipo, na siku hizi unga wenyewe ni wa njano. Tunaula tukifumba macho.

Kazini sijambo. Naendelea kupiga chapa, na mkuu wa ofisi amenipa mashine ambayo herufi zake haziruki.

Oswald hakukosea. Nakuomba usikasirike kabla ya kumaliza ukurasa huu. Jioni, nikitoka kazini, huenda kwenye ghala hilo. Zamani lilikuwa la korosho na bado linanukia. Tuko wachache. Kuna Hildegarda, muuguzi, anayetoboa picha kwenye mabati makuukuu kwa msumari na nyundo, kisha huweka taa nyuma yake, ukaona uso wa mtu umetengenezwa kwa matundu matupu. Kuna fundi baiskeli anayepiga muziki kwa kengele na mapipa ya lami. Jumamosi moja tuliwapa wageni vibatari mlangoni, kila mmoja chake, tukawaambia mwanga ni wao: wasipotumulika, hapana mchezo. Mzee mmoja aliyekuwa amekuja akidhani ni mnada alikaa mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa hapa kimeuzwa nini?"

Mama mmoja aliyekaa karibu yake akamjibu, "Wewe, baba. Tena kwa bei ya chini."

Na yuko Anselmi, kijana aliyesomea kamera ng'ambo. Anatupiga filamu. Haina sauti. Anasema maneno huuficha mwili. Sina hakika kama namwelewa, lakini kila jioni narudi pale.

Mama hajambo? Yeye haandiki, nawe huniambii kama anakula. Mwambie nitakuja Krismasi.

Mpwa wako,
Ida


Mabwerebwere, Kilosa
24 Juni 1974

Mpwa wangu Ida,

Marahaba. Safari hii imefika ikiwa moto, nakushukuru. Costancia amecheka habari za unga wa njano. Sasa na sisi umetufikia, hacheki tena.

Umeniandikia kurasa nne. Nimezisoma mara mbili, kalamu mkononi, kwa mazoea ya kazi. Nimekuta mabati, mapipa, kengele na mnada. Koti sikulikuta.

Michezo ya kuigiza naijua. Niliwafundisha wanafunzi wangu miaka mingi. Ilikuwa na mwanzo na mwisho, maneno yaliyosikika mpaka safu ya nyuma, na funzo. Taifa zima linajenga vijiji, ninyi mnawapa watu vibatari ili wawamulike. Lakini hayo ni ya ujana, yatapita.

Mama yako yuko vizuri kiasi. Padre alimtembelea.

Mwinshehe wa Magomeni ya hapa Kilosa naye alikuja kwangu Ijumaa, ametoka msikitini, kanzu nyeupe, mdomo wake ule ule. Kama ujuavyo, yeye ndiye mtani wa baba yako. Hakuketi hata kidogo. "Mwalimu," akasema, "mwaka wa sita huu namtunza marehemu wangu kifuani. Nimefanya mazoezi ya mwendo wake mpaka mke wangu ananiita Damiano. Nikitangulia mimi, nani atamcheka?"

Nikamwambia, "Bwana Mwinshehe, hakuna marehemu."

"Basi mwite aje anywe chai."

Nilimwonyesha mlango. Alitoka akicheka, lakini nilipochungulia dirishani alikuwa amesimama njiani, hacheki.

Nakukumbusha jambo hili, kwa sababu mkikaa mjini mnasahau. Siku ya kuondoa matanga mtani huvaa nguo ya marehemu, hutembea kama yeye, huzungumza kama yeye, humtania mpaka wafiwa wacheke. Ndipo nguo hugawiwa, na mjane huwa huru kwenda na njia yake. Kazi hiyo ni ya mtani peke yake. Mtoto akimwiga mzazi wake namna hiyo, amemzika kwa mikono yake.

Koti liko wapi?

Mjomba wako,
Makarius


Temeke, Dar es Salaam
19 Julai 1974

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nasalimu nyumba nzima. Nimechelewa kujibu, barua hii nimeianza mara nyingi na kuichana.

Koti ninalo mimi. Nililitoa msumarini siku ya Pasaka, mama alipokwenda kisimani. Nilitaka kulinusa tu. Nikaona halina tena harufu yake, lina harufu ya jua, nikaogopa. Nikalikunja nikalitia kikapuni chini ya mahindi.

Sasa nakueleza lililobaki. Mchezo wangu pale ghalani ni huu: navaa koti, natembea. Natembea kama yeye, bega la kulia likitangulia, kama mtu anayepita katika mlango mwembamba. Nafika kwenye mlango, nakohoa mara mbili, kama alivyokohoa daima kabla ya kuingia nyumbani. Hildegarda ananifungulia. Siingii. Nageuka, nakwenda, natundika koti kwenye kigingi. Basi, umekwisha.

Barua yako ya Juni ilipofika nilikuwa nimekwisha kuucheza mbele ya watu, na Anselmi amekwisha kuupiga filamu. Niliposoma kwamba mtoto akimwiga mzazi wake amemzika, niliketi kwenye ngazi za ofisi mpaka mlinzi akaniuliza kama nimefiwa. Mjomba, sikutaka kumzika. Nilitaka kujua alikuwa anawaza nini alipokuwa akitembea.

Kuna baya zaidi. Bwana Cleopa, mwendeshaji wa gari la sinema la serikali, alikuja ghalani, akaipenda filamu, akaomba aionyeshe vijijini kabla ya ile yake ya kilimo cha pamba. Tulifurahi, tukampa. Nilipopata barua yako nilikimbia kuidai, nikakuta gari limekwisha kuondoka. Litapita Morogoro, kisha Mikumi Agosti 10, kisha Kilosa. Mama atamwona baba anakuja mlangoni na kuondoka, mbele ya watu wote, na koti lile lile. Nakupigia magoti. Mzuie Cleopa, au mzuie mama asitoke. Wewe ukisema, watu husikia.

Umeandika kwamba mama yuko vizuri kiasi. Kiasi gani?

Ida


Mikumi
Jumapili, 11 Agosti 1974

Mpwa wangu Ida,

Marahaba. Costancia hajambo, amebaki na mama yako. Barua yako ilikaa njiani, nikaipata Alhamisi. Jana nilipanda treni ya Mikumi. Nakuandikia stesheni, nikingoja treni ya kurudi. Utasamehe mwandiko, nimeweka karatasi juu ya goti zima.

Nilikuja kuizuia filamu yako. Nilimkuta Cleopa anafunga kitambaa cheupe kati ya nguzo mbili. Ni mtu wa heshima. Aliniamkia, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzee, nimekwisha kutangaza kwa kipaza sauti mpaka kambi ya barabara. Itazame kwanza, kisha uniamuru. Kilosa nitafanya utakavyo." Nikaona ni haki. Nikakaa.

Filamu ilikatika mara mbili. Picha zinacheza kama zina homa. Kwa kuwa haina sauti, yote yaliyosemwa yalisemwa na watazamaji. Mwanzoni walikucheka. "Msichana na koti la babu yake!" "Mpeni na kiko!" Kisha ukaanza kutembea, kicheko kikapungua.

Nyuma yangu walikuwapo wanaume waliofanya kazi ya barabara miaka ile. Mmoja akasema, "Yule si Damiano?"

"Damiano gani?"

"Wa kambini kwetu. Tazama bega."

"Acha uchuro, wewe. Damiano alikufa."

"Si nasema mwendo! Huyo atakuwa mwanawe."

Niligeuka nikawauliza walijuaje kwamba alikufa. Nikawaambia mimi ni nani. Walivua kofia, Ida, wote, gizani.

Mmoja wao, anaitwa Tomasi, alinichukua kando akanieleza jambo ambalo sitaliandika katika barua. Walilijua wao na mnyapara, na mnyapara aliwaambia tupewe koti tu, yatosha. Alidhani anatuhurumia. Leo asubuhi Tomasi alinipeleka mahali. Ni mbali kidogo na barabara. Pana mawe yaliyopangwa vizuri kwa urefu wa mtu, na mtu huja kung'oa majani. Nilisali pale. Zaidi ya hayo usiniulize.

Sijamwamuru Cleopa lolote. Gari litakuwa Kilosa Alhamisi.

Uliuliza kiasi gani. Mama yako hali chakula cha jioni. Hulala akiwa ameegemea mlango kwa ndani, ili asikie mtu akikohoa. Kilimani imebaki nyumba yake peke yake. Sikutaka kukuandikia.

Treni inaingia.

Makarius


Temeke, Dar es Salaam
20 Agosti 1974

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako ya Mikumi imenifikia leo, na Alhamisi imekwisha kupita. Sijui kilichotokea. Nasoma pale uliposema usiulizwe, nafunga bahasha, naifungua tena.

Ghalani siendi. Hildegarda alikuja kunitazama, akanikuta nimelitandaza koti kitandani nami nimelala chini. Siwezi kulivaa, siwezi kulitundika. Ofisini nimepiga chapa barua nzima nikasahau kutia karatasi.

Kama mama amedhurika kwa ajili yangu, niambie. Usiandike kiasi. Agosti inakwisha, mjomba, na nyumba ya mama itaezuliwa akiwa ndani.

Ida


Mabwerebwere, Kilosa
8 Septemba 1974

Mpwa wangu Ida,

Marahaba. Mama yako ni mzima. Nimeanza na hilo kinyume cha utaratibu wa barua, nawe usiige. Mkaza mjomba wako anakusalimu. Goti ni lile lile.

Sasa utulie nikueleze.

Nilipotoka Mikumi nilipanda kilimani. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, nikafika sina hata moja. Nikamwambia tu kwamba koti unalo wewe, na kwamba umelivaa katika sinema. Nilidhani atalia au atakulaani. Akauliza, "Linamwenea?" Nikasema ni kubwa kwako. Akasema, "Nitakwenda kuliona." Habari ya mawe sikumwambia siku hiyo.

Alhamisi Costancia alimshika mkono wakateremka. Uwanja wa Magomeni ulijaa. Nilimweka mbele, nami nikakaa kando yake, na ninakiri kwamba nilishika ukingo wa benchi. Ulipotokea, alisema kwa sauti, "Ndiye." Ulipokohoa mlangoni, kikohozi kisichosikika, aliinuka nusu, kama mtu anayekwenda kufungua. Kisha ukageuka ukaondoka, ukalitundika koti. Mama yako akabaki vile vile, nusu amesimama, nusu ameketi. Nilimwita hakunisikia. Nilimgusa mkono, ulikuwa baridi kama mtungi. Hapo niliogopa kuliko nilivyopata kuogopa maishani.

Ndipo mtu mmoja akaingia katika mwanga wa mashine. Alikuwa Mwinshehe. Alivaa gunia lililotobolewa mikono, bega la kulia mbele, kivuli chake kikubwa juu ya kitambaa chote. Akakohoa, si mara mbili, mara nyingi, kikohozi cha ng'ombe mgonjwa. Akabisha hewani, akamwita mama yako kwa jina. "Teresia! Teresia ee! Ugali umeiva? Nimechelewa kidogo, miaka sita tu! Niliona lori nikalifuata, kumbe halikuwa na mboga!"

Watu walishtuka. Wengine waliniangalia mimi. Hata yeye Mwinshehe alisimama, akanigeukia, jasho linamtiririka. "Mwalimu," akasema, na hakuwa anatania, "mpwa wako ameniibia marehemu wangu, nimekuja kumchukua. Nimalize, au niache?"

Nikasema, "Maliza."

Akamaliza. Alitembea, akajikwaa, akatafuta kofia aliyokuwa ameivaa, akamsifu mama yako kwa mapishi ambayo baba yako hakuyasifu hata siku moja. Alipojaribu kuvua gunia likamnasa kichwani, mama yako alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na pale chini kicheko kikageuka, akalia kilio chenyewe, na wanawake wa Magomeni wakamzunguka. Niliinama nikamwambia sikioni habari ya mawe ya Mikumi. Akaitikia kwa kichwa tu. Nadhani alikuwa anajua siku nyingi, akiningoja mimi. Filamu ya pamba haikuonyeshwa.

Matanga yalikaliwa kilimani, na Padre aliombea roho yake. Wazee walipoketi kugawa nguo, palikuwa na nguo moja, nayo iko kwako. Mwinshehe alidai ni haki ya mtani. Zaidi ya hilo alikutoza jogoo kwa kumfanyia kazi yake bila ruhusa. Nilimwambia achague, koti au jogoo. Alimtazama jogoo, akachagua jogoo. Kwa hiyo koti ni lako. Livae popote upendapo. Sina la kusema juu ya ghala lenu, isipokuwa kwamba filamu hiyo ingekuwa bora kama isingecheza kama ina homa. Mwambie Anselmi.

Kabla Agosti haijaisha tuliiezua nyumba wenyewe, kwa mikono yetu, na mama yako ndiye aliyetoa ufito wa kwanza. Sasa yuko kijiji kipya. Kiwanja chake kiko karibu na bomba la maji. Anakula jioni. Wiki ijayo nitampeleka Mikumi kwa treni.

Msumari niliung'oa mimi. Ulikuwa umepinda, niliunyoosha juu ya jiwe, nikautumia kwenye bawaba ya mlango wake mpya.

Krismasi tunakungoja. Ukifika usikohoe mlangoni. Piga hodi.

Mjomba wako,
Makarius